Pua ya Mlinzi wa Bwawa

Nakiri mbele ya msomaji, kwa moyo mzito kadiri ninavyoweza kuupata, kwamba mimi ndiye niliyemficha karpi chini ya kiti cha gari la baba.

Karpi ni samaki mnene mwenye midomo ya mtu anayetaka kubusu. Hapa kwetu Pellarook aliletwa kama mgeni, akazaana, akala kila kitu bwawani, na sasa sheria inasema ukimvua usimrudishe majini. Kwa hiyo kumtumia kwa kazi yoyote ya maana ni uraia mwema. Nilimvua Jumapili ya Matawi, siku moja tu baada ya kurudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista, nikamfunga kwa gazeti la wilaya na kumlaza chini ya kiti cha dereva. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kwenye kalenda, lakini jua halikuwa limesoma kalenda. Nikapiga hesabu: Jumatatu baba atapiga kelele. Akichelewa sana, Jumanne asubuhi.

Jumatatu hakusema kitu. Jumanne hakusema kitu. Jumatano akaniita twende kununua mikate ya Pasaka. Nilipofungua mlango wa gari, machozi yalinitoka bila huzuni yoyote. Vioo vilikuwa vimefungwa. Nzi walikuwa wamejaa kama abiria waliolipa nauli. Baba alikuwa ameketi nyuma ya usukani akinywa chai yake, ametulia tuli.

"Funga mlango," akasema, "nzi wanaingia."

Nikafunga. Nikavuta kola ya shati mpaka puani.

"Baba, gari halinuki?"

Alinitazama kidogo, kisha akatazama kioo cha mbele. "Linanuka nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Linanuka kawaida," akasema, polepole, macho yake yakinipeleleza kuona kama amepatia.

Niliujua uso ule. Ni uso wa mwanafunzi aliyeulizwa kuhusu kitabu ambacho hakukifungua. Nimeuvaa mwenyewe mara nyingi, tena mbele ya masista.

Kama baba angekuwa muuza viatu, jambo hili lingeishia hapo kwa kicheko. Lakini baba, Russell Kilgour, ambaye mji mzima unamwita Rusty, ni mlinzi wa bwawa, na pua yake ni sehemu ya mitambo. Maji tunayokunywa Pellarook ndiyo hayohayo tunayovulia, tunayopigia kasia, na tunayotelezea nyuma ya boti. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, baba huchota maji ya bomba linalotoka chini kabisa ya bwawa, huyapasha moto kidogo kwenye chupa ya kioo, huyatikisa, huingiza pua, halafu huandika daftarini namba kuanzia sifuri hadi tano, na neno moja. Udongo. Nyasi. Samaki. Maabara iko mjini, na sampuli huenda kwa basi, na jibu huja likijisikia. Pua hujibu papo hapo. Ule mwani wa sumu unapoanza kule chini, kabla haujapanda juu na kutanda kama rangi iliyomwagika, pua huujua wiki nzima kabla ya jicho. Ikifika tatu, bwawa linafungwa kwa boti na waogeleaji mpaka maabara iseme. Ndiyo kanuni, na ndiyo sababu ya baba kuwa na mshahara.

Mchana ule alipokwenda kukagua maboya, niliingia kwenye jengo la mitambo na kulifungua daftari.

Mwaka juzi pua ilikuwa na maisha. Moja, udongo. Mbili, nyasi. Sifuri. Moja, samaki, na pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: *ndege mwari kafia kwenye chujio*. Kisha tarehe kumi na moja Juni mwaka jana: sifuri, hakuna. Kesho yake sifuri, hakuna. Nikageuza kurasa. Julai hakuna. Agosti hakuna, isipokuwa siku nne ambazo sahihi si yake, kwa sababu siku hizo tulikuwa tunamzika mama. Hata Februari, mji mzima ulipolalamika kwamba chai ina ladha ya shimo, na mwenye duka la mikate akabandika tangazo kwamba si kosa lake, daftari lilisema kwa mwandiko mzuri ulionyooka: sifuri, hakuna. Sifuri, hakuna.

Na ukifikiri vizuri, hakuandika uongo hata siku moja.

Kuhusu mama nitasema mara moja tu. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa anaanika nguo. Sista mkuu aliniita ofisini, akanishika mikono yote miwili, akaniambia. Nikamuuliza kama bado naweza kucheza mechi ya magongo saa tisa. Akasema, ukitaka, mwanangu. Nikacheza. Tulishinda mbili kwa moja. Sijui kwa nini nawaambia matokeo. Tangu hapo mimi na baba huishi kama wageni wawili wa hoteli moja: tunaamkiana, na kila mmoja humwachia mwenzake taulo safi.

Jioni nilikaanga soseji. Tulipoketi mezani nikasema, "Baba, tangu Juni?"

Aliikata soseji yake vipande vilivyolingana. "Ile homa iliyonilaza," akasema. "Ilipoondoka, iliondoka na pua. Nilidhani itarudi."

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Hukuniambia. Nilitumia karpi."

"Karpi gani?"

Nikamweleza. Aliendelea kutafuna.

"Chini ya kiti changu?"

"Siku tatu."

"Mkubwa?"

"Kilo nne na ushei."

Akatikisa kichwa kwa heshima ya mvuvi kwa mvuvi. Kisha akaweka uma chini. "Bernie, wakijua, wananitoa. Nyumba hii ni ya kazi. Kazi ikienda, nayo inaenda. Mama yako alipaka hizi kuta kwa mkono wake."

Nilizitazama kuta. Zilikuwa za njano. Nilijaribu kuhisi kitu juu ya kuta za njano, na sikupata.

"Basi likizo hii nitanusa mimi," nikasema. "Wewe andika."

"Na ukirudi shule?"

"Itakuwa baridi. Mwani haupendi baridi."

"Na mwakani?"

"Baba, mimi ni pua, si nabii."

Hakucheka, lakini alinisogezea soseji iliyobaki.

Alhamisi asubuhi akayapasha maji, akatikisa chupa, akanikabidhi kama padri akabidhivyo kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzaha. Nilikusudia kuvuta pumzi, kufumba macho, na kutangaza: "Mbili. Soksi." Nikaingiza pua. Mzaha ukaniishia.

Ulikuwa udongo, ila si ule mtamu wa mvua ya kwanza. Ulikuwa udongo wa gunia lililosahauliwa ghalani na kulowa, na nyuma yake kitu kibichi kilichochoka kuwa kibichi. Nilitoa pua, nikaenda mlangoni, nikavuta hewa ya mikaratusi, nikarudi kunusa tena. Kilikuwepo palepale.

"Ngapi?" baba akauliza, kalamu mkononi.

"Nne."

"Usinitanie."

"Nne, baba. Udongo. Kama si tano."

Aliichukua chupa akaingiza pua yake mwenyewe, kwa mazoea tu, akakaa hivyo muda. Halafu akaiweka chini. "Kesho wanashusha maboti sitini," akasema.

Ijumaa Kuu ndiyo siku ya kwanza ya mashindano ya Pasaka. Watu huja kutoka wilaya tano, na mwanzo kabisa huwa ni mbio za kuogelea za watoto: kuanzia miaka minane, kutoka mteremko wa kushushia boti hadi boya la njano na kurudi. Nimeshinda mbio hizo mara mbili. Hakuna mtoto anayeogelea akiwa amefunga mdomo, na ninajua vizuri nilikunywa kiasi gani. Kwa maji ya mjini baba alikuwa na dawa: alifungua magunia ya unga wa mkaa akaanza kuumwaga kwenye tangi, nao hunyonya uchafu ule kabla haujafika bombani. Lakini bwawani mtoto hana mkaa. Ana mdomo tu.

Baba akaandika: nne, udongo. Akatia sahihi. Akaitazama sahihi ile kana kwamba imetiwa na mtu mwingine. Kisha akampigia simu mkuu wake wa kazi kule wilayani, Con Vlahos, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa, aliiacha simu mezani ikipaza sauti.

"Nne?" sauti ya Con ikasema.

"Nne."

"Rusty, ndugu yangu. Miezi kumi unaniletea sifuri, sifuri, sifuri, nikadhani tunagawa maji ya malaika. Leo Alhamisi Kuu, nne. Hebu niambie, binti yako yuko nyumbani?"

Baba alinitazama. "Yupo."

"Yule wa mamba?"

Hapa inabidi nieleze. Miaka miwili iliyopita nilichora bango zuri sana, TAHADHARI: MAMBA, nikalisimika kwenye mteremko wa boti. Mamba wanaishi kaskazini mwa nchi, mwendo wa siku kadhaa kwa gari, na mmoja akiletwa kwetu atakufa kwa baridi kabla hajapata njaa. Hata hivyo familia kumi na nne zilifungasha vitu na kurudi makwao, na bwana mmoja aliliandikia gazeti kwamba amemwona. Niliadhibiwa. Sikujuta, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyohuyo," baba akasema.

"Sasa nisikilize. Maabara imefungwa mpaka Jumanne. Siwezi kuwarudisha watu wa wilaya tano kwa pua moja inayoishi nyumba moja na yule mtoto. Kesho saa moja asubuhi nusa tena, Noelene akiwa shahidi. Mkikubaliana, nafunga kabla boti ya kwanza haijalowa. Msipokubaliana, Pasaka njema."

Ijumaa saa moja kasorobo tulikuwa kwenye mteremko, baba na chupa yake, mimi na mikono mitupu ili isisemwe kwamba nimeshika kitu. Maji yalikuwa tambarare, mazuri, hayana doa. Wanachama wa klabu ya maboti walikuwa wanasimamisha mahema, na mahali fulani soseji ya kwanza ilikuwa tayari inaungua. Noelene Tratt, mwenyekiti wa klabu, ambaye watoto wote wa mji humwita Shangazi, alikuja na kikombe cha chai mkononi na filimbi ya kuanzishia mbio shingoni, ingawa kwa sauti aliyo nayo filimbi ni pambo tu.

"Lete hiyo chupa," akasema. Akanusa, akapiga chafya, akanusa tena. "Udongo kidogo. Moja."

"Shangazi Noelene, una mafua ya vumbi la nyasi," nikasema.

"Mafua yangu yana adabu kuliko wewe. Rusty, bwawa ni shimo la udongo lililojaa maji. Ulitaka linukie waridi? Haya, mwenye cheti ni wewe. Nusa mbele yangu, useme."

Baba aliichukua chupa. Akaitikisa, akaingiza pua, akafumba macho jinsi alivyofumba kwa miaka ishirini na miwili.

"Nne," akasema.

Noelene alimkazia macho. "Hukuvuta hata pumzi."

"Nimevuta."

"Nimeolewa mara mbili, Rusty. Mwanamume anayejifanya namjua hata akiwa amelala." Akanigeukia. "Na wewe, umetia nini humu?"

"Maji."

"Na nini?"

"Na udongo, Shangazi. Wa nne."

"Mwaka ule ulikuwa mamba, mwaka huu ni harufu. Na baba yako maskini, tangu alipofiwa, ukimwambia mbingu ni kijani ataiandika daftarini."

Watu wawili watatu waliokuwa wakikaza kamba za hema walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja akasema, "Bernie, mwaka ujao tuletee simba," na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na jibu zuri sana mdomoni, nikalimeza.

Nataka kuwa mkweli kuhusu dakika ile. Baba angeweza kuinua mabega na kusema, labda ni moja. Kuta za njano zingebaki zetu. Mimi ningeonekana mjinga, jambo ambalo nimelizoea. Kule nyuma watoto walikuwa wanashuka kutoka kwenye magari, wameshajivalia kofia za kuogelea, wanasukumana. Nilimtazama baba nikisubiri kuona atasema nini, na ndani yangu palikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo.

Aliiweka chupa juu ya meza.

"Noelene," akasema, "nifunge macho."

"Nikufunge nini?"

"Macho. Kwa taulo. Halafu niletee vitu viwili vya kunusa, vyovyote. Nitakuambia ni nini."

"Rusty, mchezo huu ni wa siku ya kuzaliwa."

"Nifunge."

Alimfunga, akitutazama sisi wengine kana kwamba tutamweleza. Kisha akaingia kwenye banda la klabu akatoka na kopo la chambo. Si chambo cha jana. Ni lile kopo la matumbo ya samaki na pumba ambalo mtu alilisahau tangu Krismasi, likakaa bandani kiangazi kizima. Alipofungua kifuniko, wale wa hema walirudi nyuma, na mwanamke mmoja akasema neno ambalo si la Ijumaa Kuu. Noelene akaliinua mpaka chini ya kidevu cha baba. Mkono mwingine akainua kikombe chake cha chai.

"Kimoja kushoto, kimoja kulia," akasema, sasa kwa sauti ya chini.

Baba aliinamia kushoto, penye kopo. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa. Akakaa na uso wake mle ndani kama mtu aliyeinamia ua. Akaenda kulia, akavuta tena. Akarudi kushoto. Hakukunja hata uso.

"Kimoja ni chai," akasema. "Najua kwa sababu ulikuja nayo." Akafikiri. "Nadhani ni hiki cha kushoto."

Akakipapasa, akakishika, akakileta mdomoni.

Nilimdaka mkono. Kidogo kilimwagikia ukosi wake.

"Siyo hicho, baba."

"Siyo?"

"Siyo."

Alilivua taulo mwenyewe. Akalitazama lile kopo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Soseji ziliendelea kuungua bila mtu wa kuzigeuza.

"Tangu Juni," akasema. "Sisikii harufu ya kitu chochote. Sifuri zote zile zilikuwa zangu, si za maji. Leo namba si yangu. Ni ya Bernie."

Noelene alifunga kopo taratibu, akalibana kifuniko kwa ngumi. Akanikabili. Kwa karibu nikaona ana kope za njano na kwamba alikuwa na hofu.

"Wewe mtoto," akasema. "Mara moja tu maishani mwako. Ngapi?"

"Nne, Shangazi."

"Unaapa?"

"Nikiapa utaniamini kidogo zaidi?"

"Hapana."

"Basi ni nne tu."

Akavuta pumzi kupitia mdomo. Kisha akageuka akapuliza ile filimbi mara tatu, mpaka ndege wakaruka kutoka upande wa pili wa bwawa. "Hakuna anayegusa maji!" akapaza. "Boti zibaki juu ya magari! Narudia! Dougie, mtoe huyo mtoto majini, namwona!" Na akiwa bado anapaza sauti kwa hao, akawa anamtafuta Con kwenye simu kwa kidole gumba.

Nitalisema hapa hapa ili msiningojee: jibu la maabara lilikuja Jumanne, na lilikuwa juu ya kiwango. Si mbali sana juu, lakini juu. Hakuna aliyetupigia makofi. Mashindano yalihamishiwa Juni, wakati ambapo maji yanauma mifupa, na ninaambiwa watu wanne tu walijiandikisha. Na kuhusu Februari, wilaya iliunda kamati.

Lakini Ijumaa ile yote hayo yalikuwa bado. Con alisema mambo matatu kwenye simu. La kwanza, bwawa limefungwa. La pili, kuanzia dakika hiyo baba asiguse daftari, mtu mwingine atakuja baada ya Pasaka, na habari ya nyumba itazungumzwa. La tatu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kufanya kazi sikukuu, baba akasimame getini awarudishe watu.

Tukasimama getini. Baba alifunga mnyororo barabarani, mimi nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magari yalikuja moja moja kutoka barabara kuu, kila moja na boti nyuma yake, vumbi likiyafuata. Kila dereva aliteremsha kioo, akamwona baba, akaniona mimi, akasema, "Ni mamba tena?" Kwa hiyo baba ilimbidi kueleza. Kwa gari la kwanza alijikwaa katika maneno. Kwa la pili akasema mengi mno. Kufikia la saba maneno yalikuwa yamepata umbo lake, na hakuyabadilisha tena siku nzima.

"Bwawa limefungwa. Kuna mwani. Mimi siwezi kunusa. Binti yangu amenusa."

Wengine walitukana. Wengine walisema pole, bila kujua wanampa pole ya nini. Kijana mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo hata ukijamba hujui?" na baba akasema, "Sijui," na yule kijana akaona haya akageuza gari. Niliyahesabu magari mpaka thelathini na moja, kisha nikaacha, kwa sababu sikuwa na sababu ya kuhesabu.

Saa sita mchana likaja gari dogo lenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, juu ya paa. Alikuwa Bi Glenys, aliyekuwa akiimba kwaya pamoja na mama. Siku ya mazishi alileta maua mengi hivi kwamba ilibidi tuyaweke bafuni. Baba aliinama dirishani akasema zile sentensi zake nne. Bi Glenys hakuuliza juu ya mamba.

"Tangu lini, Rusty?"

"Tangu Juni."

Niliona midomo yake ikihesabu miezi. "Lakini Jeanette alifariki Agosti," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ile miezi miwili, hata yeye…"

"Hata yeye."

Bi Glenys alitoa mkono dirishani akaushika mkono wa baba, akakaa hivyo, injini ikinguruma. Kisha akarudi nyuma kwa shida, kwa kuwa kayaki ilikuwa ndefu kuliko gari, akaenda zake.

Vumbi likatulia. Baba alibaki amesimama, mkono bado umeinuka kidogo pale uliposhikwa.

"Alikuwa ananukia nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mama yako. Natafuta, sipati. Nilidhani ninakumbuka, kumbe nakumbuka majina ya vitu tu."

Ulimi wangu ni mwepesi, masista wameandika hivyo kwenye ripoti tatu mfululizo. Ulinipa waridi. Ulinipa sabuni ya maua na mkate wa moto. Vyote vilikuwa vizuri, na mama hakuwahi kunukia hata kimoja. Asubuhi nzima mtu huyu alikuwa amesimama juani akiyaambia magari ukweli.

"Vitunguu," nikasema. "Na ile dawa yake ya mgongo."

"Ipi?"

"Ya kijani. Ya kwenye kopo bapa. Alikuwa anajipaka kabla ya kulala."

Alifikiri. Kitu kikapita usoni mwake, kidogo sana, kama maji yanavyosogea samaki anapogeuka chini.

"Ile iliyokuwa inachoma macho?"

"Ndiyo, hiyo."

"Ilikuwa inanichoma kila siku," akasema. "Nikageukia ukutani, na bado inanichoma. Nikawa namwambia, Jeanette, utanitoa macho." Akajigusa chini ya jicho la kushoto kwa kidole, halafu la kulia. "Hiyo haikuondoka. Mpaka siku ya mwisho niliipata. Hapa."

"Basi ulikuwa naye," nikasema.

Alikuwa bado ameweka kidole pale chini ya jicho, akitazama bwawa, ambalo lilikuwa tupu kabisa, buluu, bila boti hata moja. Nyuma yetu gari jingine lilikata kona, boti mbili juu ya trela, watoto wakiwa tayari wamevaa makoti ya kuelea. Likasimama kwenye mnyororo, likapiga honi. Baba hakugeuka.

Nikainuka kutoka kwenye ndoo, nikaenda dirishani mimi.